Kaburi la Mpangaji

Mogesi aliung'oa mlango asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Hakubisha. Angebisha wapi, na mlango wenyewe ndio aliofuata? Alikuja na fundi mmoja mwenye nyundo na bisibisi, akasimama uani mikono nyuma kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani, akasema, "Anza na bawaba za juu."

Tabitha alikuwa amekaa kizingitini akimsuka binti yake Gati. Mkono ukaganda na nywele za mtoto ndani yake.

"Tata, shikamoo." Maana heshima kwanza, hata nyumba ikiwa inaungua. Tata ni baba, na mwenye nyumba huyu wao walimwita hivyo tangu siku waliyohamia.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama. Mlango una nini?"

"Hauna kitu. Nauchukua tu."

"Unaupeleka wapi?"

"Ni mlango wangu, nitaupeleka ninapotaka. Nyinyi tafuteni pengine. Wiki hii nataka nyumba yangu."

"Lakini kodi si tumelipa, tata? Na ya mwezi ujao pia."

"Nimekataa kwamba mmelipa? Nitawarudishia." Akamgeukia fundi. "We mura, kijana gani wewe, unasikiliza maneno ya watu au unafanya kazi?"

Fundi akapiga nyundo. Nyumba nzima ikatetemeka, vikombe vikalia kabatini. Majirani wa Matongo, watu wema sana wakati wa kuangalia, walishatoka na miswaki midomoni. Fundi alipofika bawaba ya chini akainama, akasema kwa aibu kidogo, "Mama, samahani, sogeza mguu." Na Tabitha akasogeza. Jambo hilo lilimuuma baadaye kuliko yote: kwamba alisogeza mguu ili mlango wake utoke vizuri.

Waliubeba wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kama machela. Nyumba ikabaki mdomo wazi. Kitanda kile pale, ndoo ya kuogea ile pale, nguo za ndani za watu kwenye kamba. Tabitha akatundika kitenge. Ndani ya nusu saa mbuzi wa jirani akaingia, kitenge kimemnasa pembe, akala unga.

"Mama," Gati akauliza, "usiku tutafunga nini?"

*

Erasto alirudi mchana kutoka karasha, kule anakosaga mawe ya dhahabu ya watu wengine, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alikisogeza kitenge, akaingia, akakaa. Hakuuliza kitu. Habari ilishamkuta njiani.

"Nenda kamwambie," Tabitha akasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba sisi si mbuzi!"

"Tabitha, yule ametahiriwa mwaka mmoja na baba yangu. Kwa mila yule ni baba yangu. Unataka nisimame mbele ya watu nimwambie baba yangu amekosea?"

"Baba gani anakung'olea mlango?"

Erasto akafuta vumbi usoni kwa kiganja, likaingia machoni, akalia machozi ambayo hayakuwa ya kulia. Mwanamume huyu alikuwa mpole, kila mtu anasema hivyo. Upole wake ulikuwa mzuri sana mpaka siku unapohitaji ukali.

Aliyekuja na ukali alikuwa Kuruthumu, muuza vitenge wa pale senta, mama wa asili ya pwani aliyezaliwa Mugumu. Alikuja kudai kitenge cha mkopo, akakikuta kimetundikwa mlangoni.

"Hee! Ndiyo kazi niliyokuuzia hii? Na mlango mmeula?"

Tabitha akamsimulia. Kuruthumu akakaa juu ya ndoo, akavua viatu. Kwake kuvua viatu ni dalili kwamba maneno ni marefu.

"Sikiliza, shoga. Mwenye nyumba haruhusiwi kung'oa mlango. Haruhusiwi kutoa bati wala kufunga maji. Nyumba ni yake, lakini ukishapanga na kodi umelipa, kuishi humo kwa amani ni haki yako. Anataka utoke? Aandike notisi. Nyinyi mnaolipa mwezi kwa mwezi, si chini ya mwezi mzima. Mwezi ukiisha hujatoka, aende kwenye sheria, sheria ndiyo ikutoe. Siyo nyundo."

"Lakini mkataba wetu ni wa mdomo."

"Mdomo ulipokea kodi? Basi mnao mkataba."

"Umeyajulia wapi haya yote?"

"Nimefukuzwa nyumba tatu pale Mugumu, mama. Ya tatu nikaenda semina ya wasaidizi wa kisheria, nikasema sitafukuzwa tena nikiwa mjinga. Nitafukuzwa nikijua." Akacheka peke yake. Halafu akashusha sauti. "Lakini hujajiuliza kwa nini sasa? Wathamini wanakuja."

Jamani, kila mtu Matongo alikuwa anajua wathamini wanakuja. Mgodi unapanuka, ardhi inachukuliwa, watu wanalipwa fidia, na watu walikuwa wanategesha usiku na mchana. Kutegesha ndiyo kazi ya pili ya kule: unasimamisha kibanda leo, unapanda miche leo, ili kesho ihesabiwe. Mogesi alikuwa amepanda michungwa uani karibukaribu kama nywele za kichwa, mpaka pa kukanyaga hapana. Tabitha mwenyewe alikuwa akiimwagilia maji, kwa kuombwa.

"Mwenye kuishi ndani ya nyumba yake hulipwa pia posho ya kuhama," Kuruthumu akasema. "Wakiwakuta nyinyi, yeye haishi hapa. Ndiyo maana."

Tabitha alikuwa hasikii tena. Alikuwa anaangalia dirisha la nyuma. Katikati ya ile michungwa palikuwa na nafasi ndogo tu isiyopandwa, urefu wa mkono wa mtu mzima na nusu, imezungushiwa mawe. Pale alilala Simon, mwanawe.

"Makaburi nayo wanayahesabu?" akauliza.

Kuruthumu akavaa kiatu kimoja, akakiacha kingine. "Wanayahamisha. Wanamwuliza mwenye marehemu anataka azikwe wapi, wanampeleka hukohuko. Na kifuta machozi wanampa."

"Kwa hiyo wanaweza kumpeleka Kenyamonta."

"Kama ni wenu, ndiyo."

"Ni wetu," Tabitha akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ukapata damu. Kenyamonta ndiko kwao Erasto, kwenye shamba la ukoo, walikolala babu zake wote. Huko ndiko Simon alitakiwa alale, kama si mto kujaa masika ile na njia kukatika, na mtoto mdogo hawezi kulazwa ndani kusubiri mto. Yule yule Mogesi ndiye aliyesema zikeni hapa. Siku ile Tabitha alimshika miguu kwa shukrani.

"Basi msitoke humu," Kuruthumu akasema. "Wathamini wakija wawakute. Kesho tunaenda baraza la kata."

*

Erasto alienda, lakini alikaa benchi la nyuma kabisa, kofia mapajani. Aliyeongea ni Tabitha, huku Kuruthumu akimsukuma kwa kiwiko kila akisitasita.

Mzee Nashoni, mwenyekiti wa baraza, alisikiliza huku akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Sisi hapa tunasuluhisha, hatuhukumu," akaanza. "Mkishindwana, Tarime kuna baraza la wilaya. Mogesi, umeng'oa mlango?"

"Nimeng'oa."

"Uliwapa notisi?"

"Niliwaambia."

"Uliwaambia lini?"

"Wakati naung'oa."

Watu wakacheka. Hata Mogesi akacheka. Ndivyo alivyokuwa yule mzee, hakuwa na sura ya ubaya hata kidogo. Mnene kiasi, meno mazima, mkarimu wa tumbaku.

"Sheria haisemi hivyo, mzee mwenzangu," Nashoni akasema. "Hawa kodi wamelipa. Rudisha mlango leo. Uwaandikie notisi ya mwezi. Na kodi ya siku ambazo hawatakaa uirudishe."

Tabitha alijiandaa kwa vita. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, macho kwenye kile kitenge kinachopepea. Lakini Mogesi alisimama, akavua kofia, akasema, "Nimekosea. Mlango utarudi kabla jua halijazama. Hawa ni watoto wangu, nani hagombani na watoto wake?"

Baraza likapiga makofi. Kuruthumu akamkumbatia Tabitha mpaka kilemba kikadondoka.

"Na kaburi?" Tabitha akauliza, sauti ndogo ndani ya makofi.

"Kaburi gani?" Nashoni akauliza.

"La mwanangu. Liko pale uani."

"Umekuja na shauri la mlango, mama. Mlango umeupata. Hilo lingine lina wenyewe, wathamini na mwenyekiti wa kitongoji."

Nje Mogesi alimnunulia Gati soda. Akaifungua kwa meno, akampa, akamshika kichwa. Gati akamwangalia mama yake kuuliza kama anywe. Tabitha angeimwaga! Lakini mtoto alikuwa na kiu, na watu walikuwa wanaangalia, na siku ile walikuwa wameshinda. "Kunywa," akasema. "Sema asante babu."

Mlango ulirudi kweli. Haukuwa na kitasa, walifungia kamba. Tabitha hakujali. Usiku ule alilala kama mfu.

*

Wathamini walikuja na makoti ya njano, vijana wa mjini wenye vishikwambi mkononi, wanapiga picha kila kitu mpaka banda la kuku. Pamoja nao alikuwa Matiko, mwenyekiti wa kitongoji, kazi yake kuthibitisha nini ni cha nani. Nyuma yao watu wa kitongoji kizima, maana hesabu ya mwenzako ni tamu kuitazama.

Nyumba wakaiandika. Mpangaji yumo, wakaandika. Mogesi hakubisha hata kidogo, alikuwa anatembea nao kwa mwendo wa taratibu kama mtu mwenye uhakika na chakula cha jioni. Michungwa wakaihesabu kwa kuguna. Wakafika kwenye mawe.

"Hili kaburi ni la nani?" kijana akauliza.

"La mwanangu," akasema Tabitha.

"La mwanangu," akasema Mogesi.

Walisema pamoja. Kijana akawaangalia mmoja mmoja, kidole kikiwa hewani juu ya kioo.

"Huyu mama ndiye aliyemzaa, sikatai," Mogesi akasema kwa upole. "Lakini amelala kwangu. Matiko, wewe ulikuwepo. Waambie alizikwaje."

Matiko akajikuna kidevu. "Mila yetu, kijana, ardhi ya mtu haimezi maiti ya mgeni. Mwenye boma lazima ampokee kwanza. Anatupa udongo wa kwanza, anamtaja kwa jina la boma, basi marehemu ni wa boma hilo. Asipompokea, hazikwi." Akageuka. "Erasto. Nani alitupa udongo wa kwanza?"

Watu wote wakamgeukia Erasto. Alikuwa amesimama kando ya mlango, amenawa, amevaa shati la kanisani. Tabitha alimwangalia kwa macho ya kumbeba. Sema, baba Gati. Sema ilikuwa huruma tu. Sema mto ulijaa.

"Erasto, unaulizwa."

"Tata," Erasto akasema. "Tata Mogesi ndiye alitupa."

"Na alimtaja kwa jina gani?"

Kuku wakapita.

"Marwa. Marwa wa Mogesi."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema asante."

"Anaitwa Simon!" Tabitha akapiga kelele. "Simon Erasto! Kadi ya kliniki ninayo ndani, niilete? Nimembeba mimi, nimemnyonyesha mimi, huyu mzee alisema vile ili tupate shimo tu la kumlaza! Semeni basi! Nyote mlikuwepo, mlikula msibani! Mama mwenye nyumba, wewe ulimwogesha pamoja na mimi, sema!"

Agustina, mke wa Mogesi, alikuwa kwenye kundi la wanawake. Akaangalia vidole vya miguu yake.

"Mama, usiwavurugie watu kazi," Matiko akasema. "Hakuna anayesema hukuzaa."

Kijana wa koti la njano alikuwa ameona aibu, ilionekana shingoni. "Mimi mila za hapa sizijui, mama. Naandika anachothibitisha mwenyekiti." Akaandika. Akapiga picha ya yale mawe, na Mogesi akasimama pembeni yake akiwa ameshika kofia kifuani.

*

"Nimesema uongo?" Erasto akauliza usiku.

"Hapana."

"Basi?"

"Umesema ukweli nusu. Nusu nyingine umeilamba."

"Ningesema tata anadanganya, mbele ya kitongoji kizima, akanilaani, laana ingemwangukia nani? Mimi? Ingemwangukia Gati. Tumebaki na Gati tu, Tabitha."

Kitu kibaya kuliko kuolewa na mwoga ni kuolewa na mwoga mwenye sababu.

Kuruthumu alisema waende Tarime wakafungue shauri, yeye atalipa nauli. Lakini alipouliza nani atakuwa shahidi, Tabitha akataja jina moja tu, la baba wa mtoto, na baba wa mtoto akasema hawezi. Kuruthumu akavaa viatu vyake vyote viwili. "Mlango niliuweza, shoga," akasema. "Hili siliwezi."

Notisi ilipoisha walihama. Hakuna aliyewafukuza, kila kitu kilifanywa kwa sheria kabisa. Mogesi aliwapa hata mkokoteni wa kubebea kitanda. Agustina alikuja mwishoni na kuku amefungwa miguu, akaupeleka mkono bila kuinua uso.

"Simon mtampeleka wapi?" Tabitha akamuuliza.

"Nyakunguru. Mzee amenunua shamba huko."

"Nitaruhusiwa kuja?"

"Utamuuliza mzee."

Tabitha hakumpokea kuku. Kuku akabaki chini, anapiga mabawa kwenye vumbi, na wanawake wawili wamesimama juu yake.

*

Siku ya kuhamisha kaburi Tabitha alisikia kwa watu. Alitoka chumba walichopata ng'ambo ya senta bila kumwambia Erasto, akapanda bodaboda, akashukia mbali kidogo akamalizia kwa miguu.

Uwanja haukuwa ule. Nyumba ilikuwa imebaki tuta la udongo, michungwa imeng'olewa. Walikuwa wamezungusha utepe, na ndani ya utepe walikuwa watu wa boma la Mogesi, mchungaji, daktari mwenye barakoa, na vijana wanne wa majembe. Jeneza jipya lilikuwa chini, dogo, limepigwa rangi nyeupe.

"Wenye marehemu tu," mlinzi akamwambia, mkono umemzuia kifuani.

"Mimi ni mama yake."

Mlinzi akaangalia ndani, akamwona Agustina amevaa kitenge cheusi, amekaa kwenye kiti alichowekewa mama wa marehemu. "Mama yake yule pale. Wewe kaa hapa na wenzako."

Akakaa. Nyuma ya utepe, na watazamaji, karibu na muuza miwa.

Mchungaji akaomba. Halafu Mogesi akasogea penye mawe, akapiga chini kwa fimbo, kwa sababu kule mtu haondolewi aliko bila kuitwa. Usipomwita, unabeba mifupa tu, mwenyewe anabaki. Na pale angebaki wapi? Nyuma ya kilima mashine za mgodi zilikuwa zinanguruma, zinasubiri.

"Marwa!" Mogesi akaita. "Marwa wa Mogesi! Toka, tunahama!"

Alinyamaza kidogo kama inavyotakiwa. Akaita tena. Akaita mara ya mwisho, akawapa ishara vijana wa majembe.

Tabitha alijua hatoki. Atatokaje? Mwaka na miezi yake yote aliyoishi hakuna aliyewahi kumwita Marwa. Akiwa anatambaa, ungepiga kelele zote za dunia, asingegeuka. Lakini ukisema Simon, hata kwa kunong'ona, hata akiwa na udongo mdomoni, shingo ilikuwa inageuka, na lile jino moja likionekana. Sasa watabeba sanduku tupu mpaka Nyakunguru, na yeye atabaki chini pale amekaa anasubiri aitwe, mpaka mashine zije.

Na akimwita, ndiyo amemtoa. Ni yeye mwenyewe atakuwa amemkabidhi kwa watu wale, mbele ya macho ya wote, mara hii bila kulazimishwa na mtu.

Jembe la kwanza likashuka.

"Simon!"

Majembe yakasimama. Mlinzi akainua mkono, halafu mkono ukamshinda, ukarudi chini. Ndani ya utepe Mogesi hakugeuka, lakini aliishusha fimbo. Agustina akainuka kwenye kile kiti, akasimama kando yake, akakiacha kitupu.

"Simon! Simon we! Ni mama. Niko hapa. Toka, baba. Usiogope, nenda na hawa. Nenda na babu, atakupa pa kulala." Akabadili sauti, sasa ile ya jioni, ya kumwita mtoto aache kucheza aje ale. "Simon! Haya, twende! Simon!"

Vijana wa majembe walikuwa wamevua kofia. Walisubiri mpaka alipomaliza, ndipo wakaendelea kuchimba.